Kuku wa Mama Mwajuma na Unga wa Serikali

Katika faili langu, ambalo sasa limefungwa kwa kamba na kuwekwa sijui kabati gani, mna barua nyingi zinazoeleza nilianzia wapi na nikaishia wapi. Hakuna hata moja inayomtaja kuku. Nyinyi mnaoanza kazi mtaliona siku moja mkitafuta karatasi nyingine, na mtadhani nilikuwa mtu wa mikutano. Ndiyo maana nimeona niandike mwenyewe habari za miaka yangu ya kwanza, miaka ya hamsini, nilipokuwa monita wa kilimo hapa Gisenyi, nikizunguka kwa baiskeli kuwafundisha watu namna ya kulinda kuku na mboga za nyuma ya nyumba. Vyeo vilivyofuata havina la kuwafundisha. Vilikuja kwa sababu walio juu yangu waliondoka, kama mimi ninavyowaondokea nyinyi sasa.

Nilizaliwa Rubona, mtoto wa mvuvi. Baada ya miaka miwili ya shule ya kilimo nilirudi na cheti, viatu, na uhakika mwingi. Mkuu wetu wa ofisi alikuwa Mbelgiji mrefu, mtaalamu wa kilimo, ambaye watu wote walimwita Bwana Agronomu. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda kazi yake, na karatasi za kazi yake alizipenda zaidi kidogo. Siku ya kwanza alinipa baiskeli, kaptula mbili za kaki, daftari, na kitabu cha Kifaransa chenye picha, akanituma mtaa wa Waswahili, juu ya soko, kwa sababu kila nyumba ya huko ilikuwa na kuku na kila nyumba ililalamika.

Nyumba ya kwanza niliyoingia ilikuwa ya Mama Mwajuma, mjane wa mfanyabiashara wa chumvi na vitambaa. Nyuma ya nyumba alikuwa na uwanja uliozungukwa na ukuta wa mawe meusi ya volkano. Upande mmoja walikaa kuku, upande wa pili ilikuwa bustani ya shu (ndizo kabichi), karoti, vitunguu na lengalenga, yaani mchicha, na katikati palikuwa na ua wa matete wenye mlango mdogo. Alinipa kigoda, nikafungua kitabu, nikaanza kumsomea habari za mwewe. Nilimweleza kwamba uwanja wa kuku yafaa ufunikwe wote kwa waya wa matundu, nikamwonyesha picha.

“Hii waya iko wapi?” aliuliza.

Ukweli ni kwamba ilikuwa katika ile picha tu. Katika maduka yote ya Gisenyi, na ya Goma pia, hapakuwa na hata mkono mmoja wa waya wa namna hiyo. Nilikuwa bado nimeshika kitabu juu, nikitafuta jibu la heshima, mwewe aliposhuka. Nilisikia upepo wake shingoni. Kifaranga mmoja alikwenda naye angani, akilia mpaka sauti ikapotea. Mama Mwajuma hakupiga kelele. Alitazama juu, kisha akakitazama kitabu.

“Bon,” alisema. “Endelea.”

Nilifunga kitabu, nikapanda baiskeli. Niliporudi wiki iliyofuata, uwanja wake ulikuwa umefunikwa kwa nyavu kuukuu za wavuvi, zimetandazwa juu ya miti mirefu, na vifaranga wanatembea chini yake bila wasiwasi. Alikuwa amezipata Rubona, kwa watu ninaowafahamu kwa majina. Mimi nililala utoto wangu wote chini ya nyavu zilizotundikwa zikauke, lakini haikunijia hata mara moja kwamba wavu uliochoka kumzuia samaki bado unaweza kumzuia mwewe. Katika ripoti yangu niliandika: “Wakazi wameshauriwa kutumia nyavu kuukuu.” Bwana Agronomu alinisifu. Hivyo ndivyo nilivyoanza kujifunza uandishi wa ripoti.

Tangu hapo nilipita kwake kila wiki, mwanzoni kwa kisingizio cha ukaguzi, baadaye bila kisingizio. Alinifundisha karibu yote ambayo nyinyi mnadhani niliyatoa shuleni. Majivu ya jikoni humwagwa kuzunguka shina la shu asubuhi, umande ukishakauka, kwa sababu majivu yaliyolowa hayamzuii konokono wala mdudu. Vidukari hunyunyiziwa maji ya sabuni na pilipili, chini ya jani, si juu, maana huko juu hakai mtu. Siafu wakionekana, usihangaike nao mlangoni mwa banda; fuata mstari wao nyuma mpaka uukate mbali kwa majivu ya moto. Kuku mwenye vifaranga wadogo hufunikwa chini ya tenga, na tenga huwekewa jiwe juu.

Lakini adui mkubwa wa mboga za Mama Mwajuma walikuwa kuku wa Mama Mwajuma. Hilo halikuwamo kitabuni, ambako kuku walikuwa na sura yao na mboga sura yao, na hawakukutana kamwe. Yeye aliwakutanisha kwa mpango. Kila alasiri alifungua ule mlango mdogo wa matete, akakaa na fimbo juu ya kigoda, akawaacha kuku waingie bustanini kula viwavi. Kazi yote ilikuwa kujua saa ya kuwatoa. Kuku akiwa anatazama chini, alisema, bado anatafuta mdudu. Akiinua kichwa na kuangalia shu, mutoe. Nilikaa naye alasiri nyingi nikijifunza kutambua sura ya kuku anayefikiria shu. Ni elimu ambayo imenisaidia hata katika mikutano.

Mwaka wa tatu wa kazi yangu ukaja unga.

Uliletwa kwa lori, katika mapipa ya karatasi ngumu. Ulikuwa mweupe, laini kama unga wa muhogo, na ulikuwa dawa ya wadudu wote. Bwana Agronomu alituita ofisini, akachota konzi moja ya unga huo na kujipaka mpaka kwenye kiwiko ili tuone kwamba hauumi. Kisha alitugawia karatasi ya maelezo, Kifaransa upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Karatasi ilisema unga huo haudhuru kitu chochote chenye damu. Chini palikuwa na nafasi ya monita kutia sahihi kwamba ameelewa. Nilitia sahihi, kwa sababu nafasi ilikuwapo.

Msimu huo viwavi walikuwa wengi kupita kiasi, na watu waliupokea unga kwa furaha. Mama Mwajuma hakuutaka. Lakini harusi ya binti yake, Mwajuma mwenyewe, ilikuwa imebaki wiki tatu. Bwana harusi alikuwa wa Goma, na ndugu zake wangekuja wengi, kwa miguu, kando ya ziwa. Kuku wa karamu alikuwa amewalea mwaka mzima. Shu za karamu zilikuwa zikiliwa mbele ya macho yake, na kuku hawakuweza tena kuwamaliza wadudu. Nilimsomea karatasi kutoka juu hadi chini. Alisikiliza, halafu akauliza swali moja.

“Na kuku akikula kidudu yenye kufa na hii dawa?”

Nilimjibu kama karatasi ilivyosema: kitu chenye damu hakidhuriki.

“Sawa,” alisema. “We ndiye umesoma.”

Nilinyunyiza kwa mkono wangu, jani kwa jani, kwa bidii ya mtu anayetaka kusifiwa. Kufika jioni viwavi walikuwa wanaanguka kama mchele. Siku ile aliwafungia kuku. Kesho yake alasiri alifungua mlango wa matete kama kawaida, akakaa na fimbo yake, na siku hiyo hakuna kuku aliyeinua kichwa kuangalia shu. Chakula kilikuwa chini, kimelala, hakikimbii.

Siku iliyofuata nilipita kwake karibu na adhuhuri, nikitarajia kupongezwa. Kabla sijashuka kwenye baiskeli nilisikia watu wengi uani. Kuku walikuwa wamelala huku na huku, miguu inatetemeka, shingo zimepinda nyuma. Jogoo mkubwa mwekundu alikuwa amekwisha kufa karibu na maji. Kaka yake Mama Mwajuma, Fundi Ramazani, mshoni wa nguo aliyekuwa na cherehani yake barazani, alikuwa amepiga magoti na kisu, anachinja wale waliokuwa bado wanapumua, mmoja baada ya mwingine, akisema Bismillahi, ili wasife wakawa mzoga. Nyama ilikuwa ikiokolewa. Kuku watatu walikuwa tayari chunguni jikoni, wanawake wa jirani walikuwa wananyonyoa wengine, na watoto wa mtaa walikuwa wamekaa ukutani wakisubiri.

Nataka niwaambie kwa uaminifu nilichokifikiria, kwa sababu nanyi siku moja mtasimama mahali kama pale. Nilifikiria ugonjwa wa mdondo. Mdondo nao hupindisha shingo za kuku, na watu wamekula kuku wenye mdondo miaka yote bila kupata madhara. Ningeweza kutikisa kichwa, kusema pole kwa mdondo, na kuondoka kwa baiskeli yangu nikiwa bado monita mzuri. Nilikaribia sana kufanya hivyo. Hata midomo nilikwisha kuifungua.

Ndipo mwanamke mmoja aliyekuwa anapasua kuku alipotoa gole la kuku huyo, ule mfuko wa chakula wa shingoni, na kuliweka juu ya jiwe. Lilikuwa limejaa mpaka linataka kupasuka, na lilipopasuka, walitoka viwavi, wote weupe kama wamepakwa unga wa kupikia maandazi.

“Musikule hiyo nyama,” nilisema.

Fundi Ramazani aliinua kichwa, kisu mkononi. Aliniuliza kwa upole kwa nini, maana ni mimi niliyesema dawa ile haina neno kwa kitu chenye damu. Nilimjibu kwamba nilisoma karatasi tu, sikujua. Mama Mwajuma alitoka jikoni, mikono imejaa masizi.

“We uko hakika?” aliniuliza.

“Hapana, Mama. Lakini musikule.”

Kisha alirudi ndani, akakishika chungu kwa kitambaa, akapita nacho katikati yetu mpaka kwenye shimo la takataka na kukimwaga chote, mchuzi na nyama. Aliwaambia wanawake wamwage na zile zilizobaki, akawatoa watoto ukutani mmoja mmoja, akawanawisha mikono. Alipomaliza yote hayo ndipo aliponigeukia.

“Toka kwangu, monita,” alisema, kwa sauti ile ile ambayo mtu humwambia mwenzake kwamba mvua imeanza.

Nilitoka. Nililichukua gole moja, nikalifunga kwenye jani la mgomba, nikalipeleka ofisini na kuliweka juu ya meza ya Bwana Agronomu. Aliniomba niliondoe. Alisikiliza maneno yangu yote bila kunikatiza, kisha akasema ni mdondo, dalili zinajulikana, na akaniagiza niandike hivyo katika ripoti. Alinikumbusha pia, bila ukali, kwamba kwenye karatasi ya unga kulikuwa na sahihi yangu.

Nadhani alitaka kunitia moyo, kwa sababu aliongeza kwamba yeye mwenyewe hauogopi unga huo hata kidogo, na kwamba alasiri ile ile nikanyunyize bustani ya nyumbani kwake. Nyumba yake ilitazama ziwa. Madame, mke wake, alikuwa na shu nzuri pale, na pembeni, katika banda lililopakwa chokaa, alikuwa na kuku weupe walioletwa kutoka Ulaya. Banda lao lilifunikwa kwa waya wa matundu. Nilisimama kidogo kuutazama; ndiyo mara yangu ya kwanza kuuona waya huo kwa macho.

Nilinyunyiza bustani yote. Bwana Agronomu alikuwa barazani na gazeti. Nilipofunga mfuko wa unga, nilimwendea nikamuuliza, kwa heshima zote nilizofundishwa:

“Bwana, sasa nifungue kuku wa Madame waingie kula wadudu?”

Aliweka gazeti magotini. Aliwatazama wale kuku weupe, kisha akanitazama mimi, na nikaona shingo yake inabadilika rangi juu ya kola. Mashua yenye injini ilipita ziwani, tukaisikiliza wote wawili mpaka ikapita.

“Hapana,” alisema mwishoni. “Wafunge.”

“Siku ngapi, Bwana?”

Alikunja gazeti. Aliingia ndani. Lakini kabla wiki mbili hazijaisha tulipewa karatasi mpya: baada ya kunyunyiza, kuku wafungiwe siku kumi na nne, wadudu waliokufa wafagiliwe na kufukiwa, mboga zioshwe vizuri kabla ya kupikwa. Karatasi haikusema kwa nini. Ile ya kwanza haikutajwa mahali popote, kana kwamba haikuwahi kuandikwa. Kwenye ripoti yangu, mahali pa kuandika sababu ya vifo vya kuku, niliacha wazi. Nafasi ile ilijazwa baadaye, kwa mwandiko usio wangu. Ilikuwa kazi ya ujasiri mdogo, najua, lakini nawaeleza mambo yalivyokuwa.

Harusi ilibaki bila kuku. Nilikwenda Rubona kumweleza baba yangu, nikamwambia yote, hata yale ya mdondo. Alikuwa anashona wavu. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka, kicheko cha kwanza nilichokisikia katika jambo lile.

“Miaka miwili ya masomo,” alisema, “na umejifunza kuua kuku bila kisu?”

Lakini aliuweka wavu chini na kwenda kuwaita kaka zangu. Siku ya harusi walileta samaki kwa mtumbwi mpaka Gisenyi, wengine wabichi, wengine wamekaushwa kwa moshi. Niliwapandisha mtaani kwa baiskeli, matenga mawili kila safari, safari tatu. Kwa kuwa nilikuwa nimefukuzwa, sikuvuka lango. Nilimkabidhi Fundi Ramazani nje, naye akapokea kama mtu anayepokea nguo ya kupunguza, bila kuuliza. Safari ya tatu alinishika mkono na kuniingiza. Nilikaa karibu na mlango, nikapewa wali na samaki wa kwetu. Shangazi mmoja wa bwana harusi, kutoka Goma, aliuliza taratibu ni harusi ya namna gani hii isiyokuwa na kuku. Fundi Ramazani alimjibu kwamba serikali ndiyo ilichagua samaki. Shangazi alitikisa kichwa kwa heshima na kuongeza wali. Mama Mwajuma alipita mbele yangu mara nyingi na sahani za watu. Hakunitazama, lakini hakuniambia nitoke.

Baada ya hapo nilizungusha karatasi mpya nyumba kwa nyumba. Kwake niliisomea langoni, naye akasikiliza akiwa ndani, lango limefungwa. Wiki iliyofuata nilipita tena, na ile iliyofuata. Alikuwa ameanza upya na makoo wawili, kuku wazazi aliopewa na jirani; nilisikia vifaranga lakini sikuwaona. Nilizoea kusimama pale nje na kuulizia hali yake, na yeye alizoea kujibu kwamba hajambo. Msimu wote wa mvua ulikwisha tukiwa hivyo.

Asubuhi moja lango lilifunguliwa kabla sijabisha. Alikuwa amesimama na tembe mmoja, kuku ambaye hajaanza kutaga, wa rangi ya kahawia, amemfunga miguu kwa uzi wa katani.

“Monita, kwako iko kuku ngapi?”

Nilimwambia sina hata mmoja. Nilikuwa napanga chumba nyuma ya soko, na mtu wa ofisi hakutarajiwa kufuga.

Alinikabidhi yule tembe. “Fuga kwanza,” alisema. “Halafu uje kunifundisha.” Akafunga lango.

Nilimpeleka nyumbani kwenye mpini wa baiskeli, watu wa soko wakitusalimia wote wawili. Nilimjengea banda la mawe kwa kufuata kila neno nililofundishwa uani kwa mama yule: wavu juu, majivu mlangoni, sakafu iliyoinuliwa kidogo kutoka ardhini. Sikumpa jina, kwa sababu monita hampi kuku jina, lakini nilianza kurudi nyumbani adhuhuri kumtazama, jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba yangu. Alikua, akataga, akaanza kuatamia. Nilijikuta nikizungumza naye juu ya Bwana Agronomu. Hakuwahi kumtetea.

Siku moja adhuhuri nilikuta manyoya. Chini ya ukuta nilikuwa nimeacha tundu la kupitishia maji ya mvua, na nguchiro alilipata, mchana kweupe, akamchukua kuku na kuyavunja mayai aliyokuwa ameyalalia. Nilikaa juu ya jiwe mbele ya banda kwa muda ambao siwezi kuwaambia. Sikurudi ofisini alasiri ile. Katika daftari niliandika kwamba baiskeli ilipata pancha.

Kesho yake nilikwenda kwa Mama Mwajuma, nikabisha. Nilimweleza tukiwa lango katikati yetu: jinsi nilivyojenga, jinsi alivyokuwa anaatamia, tundu la maji, manyoya. Kisha aliniuliza tundu lenyewe lilikuwa kubwa namna gani, nami nikakunja ngumi na kuinua juu ya lango ili aione.

Nilisikia komeo likivutwa. Hakunipa pole, wala hakunipa kigoda kama siku ya kwanza. Alisogea pembeni kunipisha.

“Sasa ingia,” alisema. “Uniangalilie na mimi ukuta wangu kama iko na tundu.”